Madamu wa Vigingi Vyekundu

Ua ambalo Madamu alilifuatilia kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, aliling'oa yeye mwenyewe. Aling'oa mashina yote yaliyokuwa ndani ya mraba mmoja wa kamba, mita moja kwa mita moja, asubuhi ya Jumanne, akiwa amepiga magoti kwenye ukingo wa mto huku wanaume wapatao arobaini wenye sururu wakimtazama. Maua yalikuwa bado yamefunguka. Hakuna aliyemsaidia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, daftari mkononi, na daftari hilo nitalirudia kwa sababu ni sehemu ya kosa.

Niseme mapema kwamba sikumpenda. Nimewauliza wengi waliopita mikononi mwake, kwa kuwa kazi yangu ya redio imenizoesha kuuliza, na sijampata aliyempenda. Nimewapata waliomwogopa, waliomsingizia uchawi, na mmoja aliyebadilisha tahasusi ili asikutane naye kidato cha tano. Lakini wote, bila kuulizwa, hunisimulia salamu yake.

Alitufundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari mjini Shinyanga. Ulimwambia shikamoo, naye akajibu: "Marahaba. Umesimama juu ya nini?" Hapo ulipaswa kuinamisha macho na kutaja kilichokuwa chini ya viatu vyako. Ukoka. Ndago. Mbigili. Ukikosea ulirudi nyuma mpaka kwenye nguzo ya bendera ukaanza salamu upya. Kwenye sakafu ya saruji alitaka utaje kilichoota kwenye ufa wa karibu. Siku moja alifika mzee mmoja na baiskeli yake kutoka vijijini, kuulizia maendeleo ya binti yake, akasalimia kwa Kisukuma, naye Madamu akamtupia swali lile lile. Mzee hakushangaa hata kidogo. Alitazama chini akataja majani matatu, moja baada ya jingine, na la tatu akaeleza kwamba hutibu tumbo la ndama. Madamu alimpa mkono, kitu ambacho hatukuwahi kumwona akifanya, akamshukuru kwa Kisukuma: "Wabeja sana, baba. Bintiyo hana akili yako."

Binti alikuwa amesimama hapo hapo.

Matusi yake alikuwa akiyatunga mwenyewe. Kwetu Shinyanga kila mtu anajua ngitili, lile eneo la malisho linalofungwa masika yote ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Mimi aliwahi kuniambia mbele ya darasa: "Kichwa chako ni ngitili. Kimefungwa vizuri, ila ndani hakuna nyasi." Darasa lilicheka wiki nzima. Hata leo mwenzangu mmoja tuliyesoma naye, mwenye duka la vipodozi hapa Kalangalala mjini Geita, akitaka kunichokoza huniita Ngitili, nami hujibu kwa kucheka, lakini sicheki sana.

Ua lenyewe lilianza na mimi. Hilo Madamu hakuwahi kulisema mbele ya mtu, kwa hiyo nalisema mimi.

Nikiwa kidato cha tatu tulipewa kazi ya kukusanya mimea ishirini ya nyumbani, kuikausha kati ya magazeti, kuibandika daftarini na kuandika jina chini yake. Nyumbani kwetu ni karibu na mto wa msimu, mmoja wa ile inayojaa masika na kubaki mchanga kuanzia Julai. Sitautaja. Nilichuma huko majani ya kongwa, kwa sababu kongwa ni rahisi: kila mtu anaijua, sungura hulishwa, iko kila shamba. Nikabandika, nikaandika "kongwa" kwa kalamu nyekundu.

Madamu alipofika ukurasa ule aliinua daftari karibu na macho. Kisha akauchana wote kwenye daftari langu, akauweka mfukoni. "Hii si kongwa, mpumbavu wewe," akasema. "Kongwa ina petali mbili za bluu zimesimama kama masikio ya sungura, na ya tatu imefifia, huioni. Hili lina tatu zilizo sawa, na si bluu, ni zambarau. Umeokota wapi?" Nilimwambia. Alinipa sifuri kwa mmea ule na hakunirudishia ukurasa.

Jumamosi iliyofuata alionekana mtoni kwetu. Mama yangu alimkaribisha uji akakataa. Alitembea ukingo wote wa upande wetu akiwa ameinama, na kuanzia siku hiyo mpaka alipostaafu, na baada ya kustaafu, hakuacha kutembea.

Ili msomaji aelewe ugomvi uliokuja, ni lazima aelewe namna alivyofanya kazi. Ua lile lina shida mbili. Ya kwanza, lisipokuwa limechanua huwezi kulitofautisha na kongwa: jani ni lile lile, shina ni lile lile, ng'ombe hula yote mawili bila kuchagua. Ya pili, hufunguka jua likichomoza na kufikia saa tano limeshajikunja. Kwa hiyo mwenye kulitafuta ana wiki chache za mvua na asubuhi chache ndani ya wiki hizo. Saa zilizobaki Madamu alizitumia kutafuta majirani zake.

"Mmea haukai peke yake," alikuwa akisema. "Nitajie jirani zake nitakwambia ulipo." Alipigilia vigingi vinne, akazungusha kamba, akapata mraba wa mita moja, akahesabu kila kilichoota ndani: mashina mangapi ya ukangaga, mangapi ya ndago, ukoka umefunika kiasi gani, kivuli cha mkuyu kinafika saa ngapi. Akahamia hatua kumi mbele, akarudia. Kwa miaka hiyo alijua kwamba ua lile haliko kwenye mchanga mtupu wala kwenye udongo mweusi wa mbuga, bali pale tu ambapo mchanga mwembamba umelalia udongo mweusi, kwenye ukanda usiozidi urefu wa kitanda, juu ya matete na chini ya mizizi ya mkuyu, mahali ambapo mafuriko hufika mara moja kwa mwaka na kuondoka haraka. Ukiona ukangaga mfupi na ukoka vimeshikana na hakuna matete, piga magoti. Ukiona matete, pita.

Alilipata sehemu sita katika mto mzima. Hakulikuta katika mto mwingine wowote, na mito alitembea mingi, mpaka upande wa Geita na nyuma ya mgodi wa Buzwagi.

Kisha sehemu zikaanza kwisha. Ya nyumbani kwetu, ile ya kwanza, iliishia kwenye bustani za nyanya na pampu za kumwagilia. Kaka yangu ndiye aliyelima. Nyingine ilikatwa na malori ya mchanga. Nyingine wafyatua matofali walichimba udongo wake mpaka ukingo ukaporomoka. Ya nne ilikauka baada ya watu kufungua mwalo wa kuoshea dhahabu juu yake na kuuziba mkondo. Ya tano sijui ilikwendaje, alisema tu, "Imekwenda." Ikabaki moja, kwenye kona ya mto yenye mikuyu mitatu, mbali na barabara.

Mtu mwingine angepiga kelele. Madamu alifunga mdomo. Mwenyekiti wa kijiji hakumwambia kitu. Ofisi yoyote hakuiandikia. Vijana wawili wa chuo kikuu walikuja kumtafuta nyumbani, wamesikia fununu kwamba kuna mwalimu mstaafu anajua mmea usiojulikana, wakamsalimia kwa adabu, wakafeli swali la salamu, naye akawaelekeza kwenye mto usio wenyewe. Walitembea siku tatu. Aliponisimulia hilo alicheka, na ndiyo mara pekee ninayokumbuka sauti ya kicheko chake.

Nilimuuliza kwa nini. "Nikiwaambia, watakuja kuchuma," akasema. "Wewe si ulichuma?"

Yeye hakuwahi kuchuma hata moja. Alilichora kwa penseli kwenye karatasi za grafu, akiwa amelala kifudifudi kwenye ukangaga, kitambaa cha kichwa kimejaa matope. Lakini sebuleni kwake, katika nyumba ya kupanga mjini Shinyanga, mezani palikuwa na chombo cha maua ya plastiki, mekundu na ya njano, yamepigwa vumbi. Nilidhani ni ya mwenye nyumba. Hapana, alinunua mwenyewe sokoni. "Haya hayana jirani," alisema, akaendelea kusahihisha kitu.

Hata yeye hakuwa na jirani. Alikuwa nao, maana waliishi ukuta kwa ukuta, lakini hakuwasalimia, na wao walishaacha. Mama mmoja wa mlango wa pili, muuza maandazi, aliniambia kwamba katika miaka sita Madamu alimgongea mara moja tu, akaelekeza kidole kwenye beseni la maji machafu ambalo mama huyo alikuwa ameshika na kumwambia asimwage tena upande ule wa mtaro, kuna kitu kinaota. "Nikamuuliza, kitu gani? Akanijibu, hata nikikwambia hutajua." Mama yule akafyonza. "Basi nikawa namwaga hapo hapo, kila siku."

Sasa vigingi. Mwanzoni vilikuwa vijiti vya mti vilivyochongwa, na kila mwaka mafuriko yalivibeba au wachungaji walivichoma. Akaamua kutumia vya chuma, vipande vya nondo, vichwa vyake vikipakwa rangi ili avione akirudi. Rangi alinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, Mhindi ambaye babu yake alifungua duka lile lile, na ambaye Kisukuma chake kimenyooka kuliko changu. Siku hiyo nilikuwa dukani kwa shughuli zangu. Mfanyabiashara alimsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, Madamu," akamwekea kopo la rangi nyeupe juu ya kaunta. Akataka nyekundu.

"Chukua nyeupe, Madamu. Nyekundu huku wananunua watu wa leseni za madini. Ukiweka nondo nyekundu nne porini, watu wanaelewa kitu kingine."

"Nyekundu inaonekana kutoka mbali."

"Ndiyo maana nakwambia."

Alichukua nyekundu. Mimi pia nilimwambia, tulipotoka nje, kwamba mzee yule amesema kweli. Akanitazama kama ananirudisha kwenye nguzo ya bendera.

Kwa asiyeijua nchi hii, nieleze. Katika ukanda wa dhahabu mtu akipigilia vigingi vinne mahali pasipo na nyumba wala shamba, ametangaza jambo. Akiwa na nia nyingine, desturi ni kupita kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa kiongozi wa wachimbaji wa karibu, akae, apewe kiti, aseme: jamani, mimi napima kiwanja, au natafuta maji, au ni mwendawazimu, msinifikirie vingine. Hapo atachekwa, lakini ataachwa. Asiyesema, anaficha. Na anayeficha ana kitu. Rashi nyingi, yaani zile siku ambazo watu mia hukimbilia pori moja na sururu, zimeanza na mtu mmoja aliyenyamaza vibaya.

Madamu alinyamaza vibaya kwa miaka yote hiyo. Alipanda bodaboda, akashuka mahali pasipo na njia, akasubiri mpaka dereva apotee ndipo aingie porini. Madereva walimsema vijiweni. Alibeba mfuko wenye kamba, daftari na kijiko cha kuchimbulia. Hayo nayo yalisemwa. Kuna aliyethubutu kumfuata, akamkuta amelala kifudifudi ananong'ona namba. Na waliposikia kutoka kwa mchungaji mmoja kwamba mama yule anahesabu kongwa, ndipo hasa walipoamini. Mtu mzima, mwalimu, mwenye pensheni yake, apigilie nondo kwa ajili ya chakula cha sungura? Walianza kumwita Madamu Kongwa, na kila walipolitaja jina hilo walikonyezana.

Jumatatu ile jioni alinipigia simu. Hakuwahi kunipigia kabla. "Mwandishi," alisema, ndivyo alivyoniita tangu nilipoingia redioni, na haikuwa sifa. "Njoo kesho asubuhi na kamera. Wapo kwenye kona." Akakata.

Niliondoka Geita alfajiri na gari la kukodi. Nilipofika jua lilikuwa limetoka. Nilimkuta amesimama mbele ya mikuyu mitatu, mikono imenyooshwa kana kwamba anazuia kuku, na mbele yake wale wanaume. Aliyewaongoza nilimfahamu kwa kazi yangu, mwenyekiti wa kikundi kimoja cha wachimbaji wadogo, mtu wa Kibondo aliyeishi huku kwetu miaka mingi, mpole wa kuongea. Wengine hawakuwa wapole. Mmoja nyuma alikuwa akiuliza kwa sauti tunamsubiri nani, mwingine akamjibu kwamba bibi anaomba ruhusa kwa majini yake.

"Shikamoo, Mama Kulwa," Mwenyekiti aliniambia, ingawa tunalingana umri. Alikuwa akitafuta shahidi. "Tusaidie. Mama yetu anasema hapa hakuna kitu. Sisi tunamuuliza, kama hakuna kitu anafuata nini? Anasema ua. Tunamwambia atuonyeshe, anatuonyesha kongwa."

"Si kongwa," Madamu alisema.

"Haya, si kongwa." Aligeuka kwake. "Mama, mimi nina watu hapa hawajala tangu jana. Sitawarudisha kwa maneno. Toa udongo hapo hapo penye nondo zako, tuoshe karai moja. Ikitoka bure, naapa kwa Mungu tunaondoka, na nitawaambia wengine."

Palikuwa na miraba michache tu pale, maana ukanda wenyewe ulikuwa mfupi, labda hatua kumi na tano. Karai moja maana yake ni mraba mmoja, na mraba mmoja ni sehemu kubwa ya yote yaliyobaki duniani. Nilimtazama. Aliangalia maua, akaangalia sururu, na nadhani alihesabu, maana midomo ilicheza. Kisha akasema atachimba yeye.

Ndipo alipopiga magoti. Aling'oa shina moja moja na udongo wake, akayafunga kwenye gunia aliloliloweka mtoni, akaliweka ndani ya ndoo. Hakulia. Begani nilikuwa na kamera na sikupiga picha hata moja, niliandika. Alipomaliza mraba ulikuwa mtupu, akachota udongo kwa kijiko chake akaujaza ndani ya karai ambalo kijana mmoja wa kikundi alilileta.

Hapa ndipo kosa lilipo. Karai lile lilitoka kwenye mwalo wao, walikokuwa wakiosha tangu alfajiri. Kwenye mdomo wake kulikuwa na tope jekundu. Udongo wa ile kona ni mweusi chini na mweupe juu. Hakuna wekundu popote. Kila mtu wa kazi ile anajua kwamba karai la kupimia huoshwa kwanza mpaka chuma kionekane, ama sivyo unapima mabaki yako mwenyewe. Wao walijua. Lakini walikuwa na haraka na njaa, na hakuna aliyesema.

Nililiona tope lile. Niliandika kwenye daftari: "karai halijaoshwa, tope jekundu mdomoni." Ninalo mpaka leo, mwandiko ni mzuri, saa imeandikwa pembeni. Niliandika, sikusema. Nimejiambia kwamba niliogopa wanaume arobaini, na ni kweli niliogopa. Nimejiambia kwamba mwandishi haingilii, na hiyo si kweli, maana nimeingilia mengi. Kuna jambo la tatu na ni dogo, la aibu. Sauti moja ndani yangu ilikuwa ikisema: mwache, leo aulizwe yeye amesimama juu ya nini.

Waliosha. Maji yalizunguka, mchanga mweupe ukatoka, ukabaki mchanga mweusi, na mwisho wa mchanga mweusi palikuwa na mkia wa njano mwembamba kama uzi.

Sitaeleza kelele.

Kufikia saa tano, saa ambayo maua hujikunja, hapakuwa na maua ya kujikunja. Mikuyu mitatu ilikatwa siku hiyo na iliyofuata kwa ajili ya matimba, yale magogo ya kuzuia mashimo yasiporomoke. Walikuja watu kutoka Kahama, kutoka Geita, wengine na mabinti wa kupika na muziki. Niliripoti kwa kituo changu. Madamu alikwenda ofisi moja kulalamika, kwa mara ya kwanza katika maisha yake nadhani, na ofisa akamuuliza kwa upole tu: hilo ua limeandikwa wapi? Hakuwa na pa kuonyesha. Michoro yake ilikuwa ya penseli, miraba yake ilikuwa na namba zake mwenyewe, na sehemu zote zilikuwa zimeandikwa kwa alama alizozijua yeye. Kwenye karatasi za ofisi, ua halikuwahi kuwepo.

Wiki ya tatu wachimbaji waliondoka. Mashimo hayakutema kitu. Mwenyekiti nilikutana naye sokoni baadaye, akaniambia kwamba bahati haikuwepo, na alionekana kusikitika kweli. Sikumuuliza kuhusu karai.

Madamu nilikwenda kumwona miezi minne baada ya hapo, wakati wa kiangazi. Nilikuwa nimekaa na daftari lile muda wa kutosha. Niliingia uani nikamkuta amekaa kwenye kigoda karibu na bafu la nje, miguu imevimba, kitambaa cha kichwa kile kile.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba."

Nikasubiri swali. Halikuja. Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alinielekeza kwa kidevu nisimame kivulini, kigoda kilikuwa kimoja.

Nilimsomea. Saa, tope, karai. Nilimwambia kwamba ningeweza kusema na sikusema, na kwamba nimekuja kumwambia kabla sijasikika nikilisema redioni. Alisikiliza akikuna kifundo cha mguu.

"Niliona," akasema.

Sikuelewa.

"Nina macho. Tope jekundu la mwalo, hata mtoto anaona. Ningesema mimi wangesema bibi anatafuta visingizio. Nilikuita wewe uje kwa nini?" Alinitazama, si kwa hasira hasa, hasira nilikuwa nimeizoea. "Nikakutazama. Ulikuwa unaandika."

Nilimuuliza yale mashina ya kwenye ndoo yalikwenda wapi. Alisema yalikufa njiani, bodaboda aliendesha vibaya, jua lilikuwa kali. Alisema haraka, kama mwanafunzi aliyekariri. Nikamuuliza kama ana mbegu, akasema hakuwahi kuchuma, angepata wapi mbegu. Mama wa maandazi alipita na beseni lake, akaniitikia kwa kichwa, akamwaga maji kwenye mtaro, pale pale alipokatazwa, na Madamu hakumwambia neno.

Niliaga. Nilikuwa nimeshageuka aliposema nyuma yangu: "Hujanijibu umesimama juu ya nini."

Nilitazama chini. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa mtaro wa maji ya bafu, ambako ardhi yote ya pale uani ilikuwa imekauka isipokuwa ukanda mmoja mwembamba. Chini ya kiatu changu cha kushoto palikuwa na ukoka. Mbele yake ukangaga mfupi. Katikati ya vyote viwili palikuwa na majani mabichi, mapana kiasi, mashina yametambaa, hayana ua hata moja.

"Kongwa, Madamu."

"Jibu hilo ulinipa kidato cha tatu," akasema. Hakuniambia nimekosea, wala hakuniambia nimepatia. Aliondoa mguu wangu kwa fimbo yake, taratibu, akarudi kukuna kifundo.

Sasa haishi pale. Alichukuliwa na dada yake, sijaambiwa wapi, na simu yake haipatikani. Chumba amepanga kijana wa bajaji. Mwenye nyumba anataka kuumwagia mtaro saruji kwa sababu ya mbu, na nimemwomba asubiri mvua. Amekubali mpaka Desemba. Mama wa maandazi bado anamwaga maji pale kila siku, na nimemwomba asiache. Mara mbili nimekwenda Shinyanga saa moja asubuhi nikapiga magoti kwenye mtaro ule, watu wakinitazama. Majani yapo, yameongezeka. Bado hayajachanua.